Taa Mbili za Ziada

Amezinunua bila kuniuliza:
taa mbili ndogo, nyeusi, nzito kama vitasa,
zimelala katika boksi lao juu ya friza ya nyama.
"Kangaruu," anasema. "Mwaka huu wamezidi."
Kwa Mervyn Tregenza hiyo ni hotuba nzima.

Basi nimelishusha tangi la Yamaha,
nimelilaza juu ya blanketi la mbwa,
na chini yake nyaya za miaka arobaini
zimesokotana kama nywele za mtu aliyeugua.
Gereji ni ya mabati. Nje ni Julai,
na baridi ya Flinders haibishi hodi.

Namweleza kazi, maana anapenda kuelezwa
mambo aliyonifundisha mwenyewe:
moto mkubwa utoke kwenye betri, upite kwenye fyuzi,
uingie kwenye relei, usubiri.
Swichi ya usukani isibebe mzigo,
kazi yake kunong'ona tu.
Na mnong'ono huo tuuchote kwenye taa ya nyuma,
inayozimika ufunguo ukizimwa,
isiwe kama ile siku ya Wilmington
ulipounga moja kwa moja kwenye betri,
ukaingia kula pai,
ukatoka ukakuta pikipiki maiti.
"Pai ilikuwa nzuri," anasema.

"Nipe waya mwekundu."
Ananipa wa kahawia.

Sisemi kitu. Naurudisha mezani.
"Mwekundu, Baba."
Mkono wake unazunguka juu ya nyaya
kama unaotafuta chumvi gizani,
unaokota wa kahawia ule ule,
na ananipa kwa uhakika wa mwalimu.

Husemwa macho hayana pazia.
Ya baba yangu yanalo.
Daktari wa Port Augusta aliliona tangu Machi,
rangi ya maziwa, la kulia zito zaidi.
Mtoto wa jicho.
Na mimi niliyekua peke yangu katika nyumba hii
sikujua kama nina mdogo wangu
anayelelewa humo ndani, kimya,
anakunywa mwanga wote.

Tarehe ya upasuaji kaihamisha mara mbili.
Mara kondoo wanakatwa manyoya. Mara mvua.
Mvua! Hapa!

Nachuna waya, nabana kiungio, navisha kipande cha mpira,
nakipitishia kiberiti hadi kisinyae.
Hasi naifunga kwenye fremu,
nimekwangua rangi mpaka chuma kimecheka.
Naifanya kazi vizuri, na ndilo linaloniuma:
hakuna waya nitakaoupitisha
kutoka betri hii hadi nyuma ya mboni ile.

Fyuzi ya ampea kumi, nyekundu pia.
Naishika kiganjani muda mrefu kuliko inavyohitaji.
Kisha naichomeka.

Relei inasema tak.
Ukuta wa mabati unaruka mweupe:
utando wa buibui, kalenda ya mwaka mama alipoondoka,
msumeno, kofia, kila kitu na kivuli chake.
"Unaona?"
"Naona," anasema, akitazama kando kidogo ya taa.
Kisha, wakati nafuta mikono:
"Naona nuru. Vitu ndio sivioni."

Saa kumi na mbili na nusu, barabara ya Quorn.
Helmeti yake kichwani mwangu, inanipwaya.
Yeye yuko nyuma, mara ya kwanza maishani,
hajui aiweke wapi mikono,
mwishowe anashika mifuko ya jaketi langu.
Taa mbili zinachimbua magugu ya kando,
vigingi vya ua, kopo, vumbi letu wenyewe.
Karibu na pampu kuu kuu ya upepo ananigonga bega.
"Punguza. Wanapita hapa."

Mimi sioni kitu.
Mbele ni lami tupu, imeng'aa kama sahani.
Napunguza.

Wanatoka upande wa kushoto, bila haraka,
mmoja akisimama katikati kututathmini.

"Wangapi?" sauti shingoni mwangu.

"Watatu, Baba.
Na mtoto."