Ziwa Lenye Majina Matatu

Daftari la Shaame lina tope kavu pembeni.
Huandika kwa penseli, maana wino haustahamili maji:
*Ziwa la Mzambarauni. Jumanne. Konokono arubaini na mmoja,
sita wametema vijidudu walipowekwa mwangani.*

Skuli ina orodha nyengine:
watoto mia na kumi na wawili, vikombe vya mkojo,
kumi na tisa vyekundu kama juisi ya choya.
Wanaogelea wapi? *Kidimbwi cha Mpirani.*

Kipima mvua hakijui majina. Kinajua milimita.

Nami niko ghorofa ya pili, Chake, feni inakata hewa ya moto,
naviunganisha vyote katika kielelezo,
konokono na mkojo na mvua,
kama asukaye ukili wa rangi tatu
na kila chane ina urefu wake.

Mara tatu kompyuta ikanipa jibu lile lile:
watoto hawa hawana maji ya kuwaambukiza.
Wanakojoa damu, na ramani yasema pakavu.
Nikaigombeza hesabu. Nikakagua nukta, nikakagua tarehe,
nikakuta mwezi wa nane umeandikwa wa pili,
nikasahihisha. Pakavu.

Bi Mkasi, anayetupigia deki, akasimama nyuma yangu na ndoo.
"Watafuta nini?"
"Kidimbwi cha Mpirani. Hakimo."
Akacheka mpaka kanga ikamteleza.
"Si ndo hapo hapo Mzambarauni! Sisi tukifua
tukipaita Kwa Nyange. Mti ulianguka mwaka ule wa karafuu nyingi,
watoto wakafyeka wakacheza mpira.
Jina likahama. Maji hayakuhama."

Nikaandika: ziwa moja.
Kielelezo kikazunguka usiku kucha,
asubuhi mstari umeinuka kama mgongo wa paka:
wiki ya tatu baada ya vuli, hapo hapo, kabla ya mitihani.
Haikuwa yakini. Ilikuwa sitini na nane kwa mia,
na Shaame alivaa mabuti kwa hizo sitini na nane,
dawa mkobani.

Sasa nimeongeza safu mpya, ya mwisho kulia,
ambayo kompyuta haijui iifanye nini:
*Wanaofua hupaitaje?*
Maziwa mia mbili na matatu, nafasi zote tupu.
Mangapi nimeyakausha kwa herufi?

Bi Mkasi ameitua ndoo.
Anavuta kiti.