Mpima Ardhi wa Kiamunyi

Alikuja kwa ajili ya ua wa jirani, si kwa ajili yetu.
Baba Mugure alikuwa ameusogeza futi mbili
ndani ya ploti yetu, hamsini kwa mia,
na hati imo sandukuni mwa mama
chini ya vyeti vyetu vya ubatizo.
Kibungei akasimika darubini yake ya miguu mitatu
katikati ya sukumawiki, akafumba jicho moja,
na wewe, Wangechi, ukajipitisha mbele yake
umebeba ndoo tupu.

Ndoo tupu! Na mfereji uko jikoni.

Mimi ndiye niliyempelekea chai.
Mimi ndiye niliyemshikia ile fimbo nyekundu na nyeupe:
"Nyoosha kidogo, Nyakio. Hapo. Usitikisike."
Sikutikisika hadi saa saba,
jua likinichoma utosi,
nikiwaza: huyu amelijua jina langu bila kuambiwa.
(Aliambiwa. Na wewe. Nilikuja kujua baadaye.)

Tulipokuwa wadogo ulichora mstari wa chaki
chumbani, toka dirishani hadi ukutani.
Mlango ukabaki upande wako.
Nilikulipa peremende ili nipite kwenda chooni.
Ndivyo ulivyo, mdogo wangu:
huchukui kikubwa,
unachukua mlango.

Juma lililofuata nikaitafuta blauzi yangu ya zambarau
kabatini, chini ya kitanda, kwenye kamba ya nguo,
nikaikuta sebuleni
inacheka.
Nami (niandike tu, mama hasomi mashairi)
nilitia vijiko vinne vya chumvi katika uji wako,
kisha nikamwambia Kibungei una mchumba Naivasha,
mtu wa mabanda matatu ya waridi.
Alifunga miguu ya darubini mmoja mmoja,
polepole, kama anayekunja barua.

Usiku ule hukulia. Laiti ungalilia.
Uliketi nyuma yangu kitandani ukanisuka
kama kila Jumapili, maana kesho yake nina kazi benki,
na vidole vyako havikuvuta kwa hasira
hata unywele mmoja.
Hapo ndipo nilipojua kwamba umempenda,
na kwamba mimi nilipenda kuitwa jina tu.

Alfajiri nikampigia simu.
Nikasema: kile kigingi cha pembeni,
nadhani siku ile niliishika fimbo vibaya.
Na kuhusu Naivasha pia.
Njoo upime upya.

Akaja. Nikabaki jikoni
nikichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.
Dirishani niliwaona, na Menengai nyuma yenu:
wewe umeishika fimbo, inayumba,
unatikisika mwili mzima,
na yeye wala hakwambii unyooshe.

Ua ulirudishwa futi mbili.
Mama akapanda vitunguu pale pale,
asije mtu akasahau.

Blauzi hujairudisha bado.