Posho ya Kodi

Ghorofa ya tano, Park Row, Leeds, tumemrudishia mwenye jengo.
Viti vimekwenda mnadani,
vitabu vya sheria kwa shule moja ya Bradford,
ule mti wa plastiki kaubeba Gwilym wa hesabu.
Badala yake, kila mwisho wa mwezi,
pauni mia sita, kodi ya nyumba.

Sasa ofisi ni meza yangu ya kulia.
Nasogeza sahani ya maharage,
nafungua kompyuta, shati juu, kanga chini,
naandika notisi: mpangaji ahame ndani ya siku kadhaa.

Danuta, aliyepiga deki korido zetu miaka tisa,
hakuwa wetu, walisema, ni wa kampuni ya usafi.
Posho haikumjua.
Aliniachia ndoo yake ya buluu.
Iko chini ya sinki, sijaitia maji.

Juzi limekuja faili la Harehills:
mwanamke, herufi ya kwanza D,
miezi miwili hajalipa.
Nikateremsha macho polepole hadi jina la ukoo.

Si yeye.
Nikasema alhamdulillahi,
kisha nikaona haya
mbele ya sufuria zangu.