Kalamu Nyekundu

Chini ya bakuli, pasipoonwa na mlaji,
jina la mfalme wa Uchina limeandikwa kwa buluu.
Wiki ya tatu niko nalo ghalani, Ngomeni,
kibano mkononi, gundi ikinuka:
vipande kumi na saba, cha kumi na nane hakipo.

Mfalme hakuligusa hili.
Aliyetumwa tanuuni, akaukagua udongo,
akavunja kila kilichopinda,
alikuwa towashi wa kasri,
na jina lake halimo katika buluu.

Nasoma habari zao usiku, umeme ukienda na kurudi.
Walikatwa wasije wakazaa wa kumrithisha kiti,
ndipo wakaaminiwa mlango.
Basi wakaushika mlango.
Waziri aliyehifadhi vitabu alfu
alisimama uani na hati yake, mvua yote yake,
akimngoja asiye na ndevu amwambie
kama bwana ameamka.
Mfalme alipochoka kusoma, walisoma wao.
Alipochoka kuandika, kalamu nyekundu ikahama mkono
na wino haukujua tofauti.

Kilichokatwa kilitiwa mtungini, kikawekwa juu, darini,
mwenyewe naye apande;
siku ya kuzikwa arudishiwe, aende mzima.

Hapo nikamkumbuka mjomba Lali.

Miaka thelathini na mmoja, ofisi ya ardhi,
meza ya kwanza ukiingia, chini ya panka bovu.
Hakuoa, hakuzaa; mji mzima ukamwita Baba.
Wakubwa walikuja na suti, wakaondoka na suti.
Yeye alibaki, na faili kwapani.
"Halionekani," akisema, taratibu, kama anayekata halua.
Watu wa Kisauni walimletea mabungo, kuku,
hata dua.
Nasi wa damu yake tulipanga foleni.

Alipofariki nilipanda kiti,
nikashusha mkebe wa biskuti juu ya kabati.
Ndani, kalamu nyekundu iliyokauka
na faili la kiwanja chetu cha Kibokoni,
lililopotea tangu mimi niko chuoni,
lina neno moja, mwandiko wake: Subiri.

Alitunyima?
Au alimzuia mtu asitunyang'anye?
Mama anasema hili, Mwanashehe anasema lile,
na chai inapoa.

Nachanganya plasta. Pengo la kumi na nane
nalijaza kwa nyeupe tupu, silitii ua wala buluu;
ndivyo tulivyofundishwa kazi hii:
pengo lionekane kuwa ni pengo.