Shimo kwa Jirani

Februari radi ilishuka Katuba,
ikaruka paa la kanisa, ikaruka mnara wa simu,
ikachagua kinu changu.
Mota ikatoa moshi wa rangi ya risasi.
Unga kwenye beseni la Mama Mwape
ulibaki mweupe vilevile, kama haukuona kitu.

Kabla moshi haujaisha watu walishapata jina:
Kaumba. Ndiye aliyeituma.
Nani hakutusikia tukigombania ukuta?
Nami nilinyamaza, na kunyamaza kwangu
kukawa shahidi wao wa kwanza.
Miezi minane nikapita mlangoni pake
kama anayepita kaburi la watu wengine.

Oktoba, mabati yakichoma, fundi Kisimba akaja na baiskeli,
koili ya shaba begani.
"Mama, radi haina chuki. Ina haraka tu.
Inatafuta njia fupi ya kufika chini.
Ukiinyima, itapita kwenye mota,
kwenye redio, kwenye mtoto."
Akataja bei. Nilicheka kicheko cha kikohozi.
Barabarani malori yanakwenda Kasumbalesa,
sahani za shaba zimefungwa mikanda;
baba yangu aliiyeyusha miaka thelathini na mmoja
na nyumbani hatukuwa na hata kijiko chake.
Nililipa mara tatu, na nusu gunia la unga juu.

Akasimika chuma paani. Akashusha waya ukutani
bila kuupinda sana ("haipendi kona, itaruka"),
akachimba kwangu: changarawe.
Akasogea, akachimba: changarawe,
kavu kama mkate wa juzi.
Kisha akatazama ng'ambo,
pale maji ya kuogea ya Kaumba yanapomwagika,
migomba imenona, udongo mweusi.
"Ni pale," akasema.

Nilikwenda mwenyewe.
Nilibeba kilo mbili za unga, nikazirudisha njiani,
maana zingesema mengi kuliko mimi.
Kaumba alikuwa anatia kiraka tairi.
Alinisikiliza mpaka mwisho.
"Kwa hiyo ile niliyoituma," akasema,
"sasa mnataka niipokee?"
Nikatazama miguu yangu.
Aliniacha niitazame,
akamaliza kiraka, akapuliza gundi,
ndipo akachukua jembe.

Mita mbili na nusu. Makaa. Chumvi.
Udongo akaushindilia kwa visigino vyake.
Waya akauvika bomba la chuma, kwa ajili ya wezi,
na bomba akaliegemeza gogo la mgomba
lionekane takataka.

Jana usiku, mvua ya kwanza.
Nilichomoa plagi zote hata hivyo, fundi alisisitiza,
nikakaa mbali na dirisha, magoti kidevuni.
Mwanga na mshindo vilikuja pamoja,
sikupata nafasi ya kuhesabu hata moja.
Kisha sauti ng'ambo ya ukuta, ikishindana na mabati:
"Ngosa! Mota?"
"Sijui! Kwako?"
"Imepita tu. Haikupiga hodi."

Leo nimewasha. Mota imekohoa, imekubali.
Beseni la Kaumba liko la nne kwenye foleni
na sijamwambia bado lile neno.
Liko hapa, kooni,
linatafuta pa kushukia.