Pasiposhika Hina

Bahasha zilikuja arobaini, zimefungwa kwa gundi,
pamoja na mashine, katika sanduku la bati
lililovuka toka Mokowe likiwa limefunikwa turubai
kama mgonjwa mwenyewe.

Bi Tima Lali wa Langoni, mpaka hina,
namba yake sifuri kumi na saba,
aliiweka fomu ya ridhaa magotini,
akaisoma kwa sauti, akaikosoa.
"Umio ndiyo nini? Semeni koo la chakula.
Na hii 'kugawanywa kwa nasibu'?"
Nikamweleza: bahasha moja ina rangi,
nyingine ina mwanga mtupu wa buluu.
Daktari hachagui. Mimi sichagui. Wewe pia.
"Kumbe ni upatu," akasema. "Ila upatu wangu
kila mtu zamu yake hufika."

Maswali yalikuwa thelathini na mawili.
Tumbaku? Hapana. Moshi wa kuni? Miaka yote.
Chai unakunywa ya moto kiasi gani?
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa iwapo bahari ina chumvi.
"Kwani kuna chai nyingine?"
Nikatia alama: moto sana.
Kuna aliyefariki katika ukoo kwa kushindwa kumeza?
Hapo aliikunja fomu mara mbili, akaikunjua.
"Dada yangu Mwanashee. Mwisho
hata mai yalikuwa yakirudi."
Fomu ilitaka ndiyo au la.
Nikaandika ndiyo.

Daktari Karisa akachana bahasha: rangi.

Nilimlaza ubavu wa kushoto, nikampulizia dawa kooni,
nikamwambia apumue kwa pua, asione haya kucheua.
Mkono wake ukaukamata wangu,
kucha nyeusi kwa piko, kiganja rangi ya chungwa.
Mrija ukashuka.
Kwenye kioo: njia ya waridi, imelowa, inang'aa,
ikifumba na kufumbua kama mdomo wa mtoto anyonyaye.
Sentimita ishirini. Ishirini na tano.
Ukitazama hivi hivi, ni koo la mwanamke mwenye afya.

Kisha iodini ikanyunyizwa
na kuta zote zikawa kahawia, kahawia ya halua,
isipokuwa kwenye ishirini na nane:
pahali padogo, ukubwa wa kucha ya kidole cha mwisho,
pamekataa rangi.

Hakuna aliyesema.
Bi Tima, mdomo umejaa mpira, jicho moja kwenye kioo,
akanifinya kidole. Alikuwa amepaona.
Nani wa kumficha yeye? Miaka arobaini anawaonya maharusi:
usijipake mafuta siku ya hina;
palipo na mafuta hina haishiki,
na asubuhi utatoka na doa mbele za watu.

Koleo ndogo ikauma mara mbili.
Vipande viwili, mfano wa punje za ufuta,
vikaingia chupani, vikaenda Mombasa.
Wiki tano. Jibu likarudi: mapema.
Hatuna neno zuri kuliko hilo.
Pakakwanguliwa kwa njia ile ile ya mrija,
na mwezi uliofuata alikuwa na harusi mbili Shela.

Ningeweza kuishia hapa.

Lakini siku ile, baada yake, aliingia sifuri kumi na nane,
Bakari Famau, mpiga chokaa wa Matondoni.
Naye chai moto sana. Naye ndiyo, kwenye swali la ukoo.
Bahasha yake: mwanga.
Tulitazama dakika nane, juu hadi chini, chini hadi juu.
Laini. Daktari akaandika: safi.
Na huenda ni safi. Hatujui ipi bora, rangi au mwanga;
tungekuwa tunajua, bahasha zisingekuwepo.
Ndivyo nilivyofundishwa, na naamini.

Kila mgonjwa akitoka mimi huosha mrija.
Brashi ndefu huingia huku, ikatokea kule.
Ule wa Bi Tima, maji yalitoka kahawia,
nikasubiri hadi yakatakata.
Ule wa Bakari Famau yalitoka meupe tangu mwanzo,
na bado nikasugua.