Hema la Harusi

Hema lile ni la Mahfudh, la kukodisha harusi.
Harusi zilipopigwa marufuku
akalileta mwenyewe kwa lori,
akalisimika kwenye maegesho ya dharura, hapa Ibra.
Hakutaja kodi. Zile nyota za bati za darini
hakuna aliyekumbuka kuzishusha.

Mlango wetu mmoja tukaugawa kwa utepe mwekundu:
wenye kikohozi kushoto,
waliovunjika na wenye uchungu wa kuzaa kulia.
Chumba cha plasta kikawa cha kuvulia magwanda.
Kila zamu na kanuni mpya ukutani, juu ya ile ya jana,
gundi haijakauka.
Bincy akaniandika jina kifuani kwa kalamu nene,
maana sote tulikuwa macho matupu.

Usiku mmoja bibi, pumzi zikimkatika,
akanisikia nikihesabu mitungi kwa Kiswahili.
“We mtoto wa nani?”
“Wa Zuwena, bibi.”
“Zuwena wa Wete?”
Kidole chake kimo kwenye kipimo: themanini na moja.
“Ndiye,” nikasema.

Siye. Mama kazaliwa Bujumbura, Pemba hajapata kuiona.

“Basi nyumbani,” akasema,
akanishika glavu kwa mkono wenye hina iliyofifia,
akatazama juu, kwenye nyota za Mahfudh.

Hema limesharudi kazini.
Juzi nimealikwa humo, ndoa ya binamu.
Ngoma zalia, halua yapita,
nami nimekwenda kukaa kulia,
bila kuulizwa.